Marehemu wa Chiriku

Fundi cherehani alikuwa amemchoka Chiriku. Kwa miaka tisa alimpenda mwimbaji yule kupita kiasi, akawashonea mashabiki wenzake sare kwa mkono wake. Sasa kila wimbo mpya ulimuumiza kichwa. Jumamosi hiyo wenzake walipojazana kwenye chumba chake cha kushonea kusikiliza wimbo uliotoka asubuhi, alikuwa ameshaapa moyoni: leo najitoa.

Kujitoa kwenyewe ndiko kulikokuwa na kazi. Aliyejitoa aliitwa marehemu. Picha yake iliwekwa kwenye kundi la simu, watu wakaandika pole na kucheka, na tangu hapo hakuna aliyeitikia salamu yake. Neno hilo alilibuni fundi mwenyewe, kwa utani, siku wifi yake alipojitoa. Lilichekesha mno. Mwezi wa nne sasa hajamjibu wifi yake, na nyumbani vyumba vyao vinatenganishwa na ukuta tu.

Wimbo ukaisha.

"Mtamu, eh?" akauliza mwenyekiti wa kikundi.

"Mtamu," akasema msusi, mwanakikundi mwenzao, akimeza mwayo. "Yaani... una mdundo."

"Turudie?"

"Tena?" Msusi akajishtukia. "Turudie, dada, kwani tuna haraka gani!"

Fundi akamwangalia msusi, akauona uchovu kama wake. Akapata moyo.

"Jamani, nina neno."

Mlango ukafunguka. Alikuwa wifi, jasho linamtiririka, miwani ya fundi mkononi.

"Hodi jamani. Wifi, umesahau miwani. Nikasema huyu atajidunga sindano bure." Alikuwa ameifuta vioo, ameifunga kwenye leso safi, na ametembea nayo juani tangu nyumbani.

"Nani kaongea?" akauliza mwenyekiti, akitazama dari.

"Mie sijasikia mtu," akasema msusi. "Nasikia harufu ya udongo tu."

Kicheko kikalipuka. Walipigana viganja, wakafutana machozi. Wimbo haukuwa umewachangamsha hivyo, wala ule uliotangulia. Fundi akaona kwamba furaha iliyobaki kikundini ilikuwa hiyo tu.

"Fundi, wewe umesikia mtu?"

Wote wakamgeukia. Wifi naye akamtazama, bado ametabasamu kidogo.

"Upepo huo," akasema fundi. "Fungeni mlango."

Wifi akaiweka miwani juu ya cherehani, akaisogeza mbali na ukingo isije ikaanguka. Akatoka. Mlango akaufunga mwenyewe, taratibu, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

"Haya," mwenyekiti akasema, akijipepea. "Ulikuwa na neno."

Msusi, aliyekaa karibu na redio ya flashi iliyopiga wimbo, aliacha kucheka. Alimkazia fundi macho, midomo imeachana kidogo, kama anayengoja kuitwa.

"Nilitaka kusema turudie wimbo," akasema fundi.

Msusi akainamisha kichwa, akabonyeza redio, wimbo ukaanza upya.