Ndege ya Plaiwudi ya Kaloleni

Shemeji yangu Elijah ni mtu mwema, na matatizo yake yote yanatoka humo humo kwenye wema wake. Ukikaa nyumbani kwake akaona umekunja shingo, ataondoka kwenda kukutafutia mto. Alipomwoa mdogo wangu Wakesho, ambaye ni mfupi, aliteremsha rafu zote za jikoni na kukata miguu ya meza, mpaka sisi wengine tukienda kuwatembelea tunakula tumeinama. Tulimcheka sana. Mimi mwenyewe nilimcheka kuliko wote.

Wakesho alikuwa akifanya kazi ya redio katika shirika moja la misheni lililokuwa na ndege ndogo ya kubebea wagonjwa kutoka zahanati za nyikani. Mwaka wa sabini na tano wakubwa wake wakamwambia kwamba akipata leseni, atairusha yeye. Binti wa mkulima wa kabichi wa Werugha! Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimeshasikia habari nyingi za watoto wa watu, lakini hiyo ilinikalisha chini. Nilifurahi, na papo hapo nikaogopa. Furaha ilipoa baada ya siku chache, hofu ikabaki.

Tatizo lilikuwa mazoezi. Petroli ya ndege ilikuwa imepanda bei, na ndege yenyewe haikukaa Voi, ilikuwa kazini kila mara. Wakesho aliirusha kwa nadra, mwalimu wake akiwa pembeni. Mwalimu akamshauri atengenezewe chumba cha rubani cha mbao nyumbani, awe anakaa humo kila jioni na kuzoeza mikono mpaka ijiendee yenyewe bila kungoja akili. Elijah ni seremala. Jambo kama hilo humwambii mara mbili.

Alikijenga sebuleni kwao, mtaa wa Kaloleni hapo Voi, kwa plaiwudi ya masanduku, akifuata mchoro wa mwalimu. Usukani aliuchonga, mita akazichora kwa rangi juu ya vifuniko vya mikebe, na kila kishikio kilivutika au kuzungushika kama cha kweli. Nilipokiona mara ya kwanza nilipiga makofi. Lakini Elijah hajui kumaliza kazi. Nikija tena, nakuta ameongeza mto wa mgongo. Nikija tena, kuna pazia la kitenge la kumkinga Wakesho na jua la dirishani, na pembeni kuna mahali pa kuweka kikombe cha chai.

"Shemeji," nikamwambia, "bado kitanda tu."

"Dada Gertrude, mtu akikaa vizuri anajifunza vizuri," akanijibu. Yeye hakuona mzaha.

Mimi kazi yangu ilikuwa kutahini. Nilikaa kwenye stuli kando ya Wakesho na kupiga kelele, "Injini imezimika!" Naye alipaswa kugusa kila kitu na kukitaja kwa sauti: anashusha pua ya ndege, anachagua mahali pa kutua, anagusa koki ya petroli kuhakikisha iko wazi, anagusa swichi. Akikwama namrudisha mwanzo, kama ninavyofanya darasani. Ikafika mahali hata nikimshtua akinywa chai, maneno yanamtoka yote kwa mpangilio, na mkono unafuata. Nilijisifu kwa hilo. Niliwaambia hata walimu wenzangu.

Mtihani ulipokaribia, ndege ililetwa uwanja wa Voi, nikampelekea Wakesho chakula. Mwalimu wake alikuwa mtu wa utani, akanikaribisha niingie nikae kwenye kiti cha rubani. Nikaanza kutafuta kwa macho vitu nilivyovijua kwa majina. Usukani huu hapa. Mita hizi hapa. Koki ya petroli nikaitafuta chini ya mita, upande wa kushoto, pale ilipo kwenye chumba cha Elijah. Haikuwepo.

"Koki iko wapi?" nikauliza.

Akanionyesha sakafuni, upande wa kulia, kati ya viti viwili. Ili kuifikia ilibidi niiname na kunyoosha mkono nyuma ya goti.

"Wakesho akiwa angani huigusa?"

"Sina haja ya kumsumbua nayo," akasema. "Naifungua mwenyewe kabla hatujaondoka. Ataihitaji injini ikizimika tu."

Nilishuka nikihisi baridi mwilini, na jua la Voi likiwaka vile. Nilitaka kumwambia mwalimu yule kila kitu. Lakini niliona nitamwaibisha mdogo wangu mbele ya mtu wa kazini kwake, nikaamua ya nyumbani niyapeleke nyumbani.

Nilimkuta Elijah akipiga randa. Sikumsalimu.

"Koki umeiweka wapi wewe?"

"Ile ya chini? Niliisogeza juu." Alisema bila wasiwasi wowote. "Alikuwa anainama mpaka mgongo unamuuma. Nikaona nimletee karibu."

"Na kwenye ndege ya kweli nani atamletea karibu?"

"Dada, hiki chumba ni chake. Nimekitengeneza kimfae yeye."

"Kikimfaa yeye kinamsaidia nini? Ile ndege si yake! Ile ndege haimjui!"

Nilisema na mengine ambayo shemeji hapaswi kuambiwa, ya rafu na ya meza na ya mito. Elijah aliweka randa chini akatoka nje. Wakesho aliporudi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atamwambia mumewe airudishe koki mahali pake. Badala yake alisema, "Ikibadilishwa sasa, nitachanganyikiwa kabisa. Najua iko chini. Nikiwa ndani ya ndege nitakumbuka."

"Mkono nao utakumbuka?"

"Dada, tafadhali. Mtihani ni keshokutwa."

Habari za ugomvi zikamfikia mama yetu milimani, nadhani Elijah ndiye aliyempelekea. Mama akateremka kutoka Werugha asubuhi ya mtihani, amejitanda shuka la kanisani. Mama anasali Jumapili zote, lakini kuna jambo moja la kwetu Wadawida, watu wa milima ya Taita, ambalo hataliacha: kutasa. Mtu wa nyumbani akiwa na safari au jambo kubwa, kinyongo cha nduguye kinaweza kumdhuru, hata kama hakijasemwa. Kwa hiyo mwenye hasira hutia maji mdomoni, akayatema kwa kuyanyunyiza, akaitoa hasira yake kwa maneno ya amani, na kila mtu anashuhudia kwamba moyo wake umekuwa mweupe.

Mama akajaza kikombe maji. Elijah alianza. Kisha kikombe kikaja kwangu, na wote watatu wakinitazama. Nilijua nikishatema maji yale, habari ya koki imekwisha. Kuitaja tena itakuwa ni kukiri kwamba nimetasa kwa uongo na bado namwekea mdogo wangu kinyongo siku anayopanda angani. Lakini nikikataa, nitakuwa nimemtuma angani na laana ya dada yake. Nilitia maji mdomoni. "Kama nilikuwa na hasira, imetoka. Uende salama, urudi salama." Mama akashusha pumzi. Elijah akatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo. Wote waliona hatari imeondoka, na mimi nilibaki nimesimama pale na ndevu za maji kidevuni, nikijua koki iko pale pale ilipokuwa.

Mtahini alitoka Nairobi. Mzee mkimya wa kofia, akamsalimu Wakesho kwa mkono, wakapanda. Sisi tukasimama penye seng'enge. Ndege ikakimbia, ikainuka, ikazunguka juu ya mashamba ya mkonge. Nilijaribu kusali, nikashindwa kupita maneno ya kwanza.

Mara mlio wa injini ukakata.

Nilijua ni mtihani. Nilijua mtahini ndiye aliyepunguza nguvu ya injini ili aone mwanafunzi atafanya nini, kwa sababu mimi mwenyewe nilimpigia kelele hiyo jioni kwa jioni. Kujua hakunisaidia. Ndege ilishuka polepole kuelekea vichakani, na nilichoweza kuona akilini ni mkono wa Wakesho tu. Elijah aliniuliza kitu, nikamshika mkono kwa kucha mpaka akanyamaza. Mama akawa anasema, "Mbona haisikiki? Gertrude, mbona haisikiki?" Ndege ikazidi kushuka. Kisha injini ikanguruma, pua ikainuka, nami nikakaa kwenye vumbi na nguo yangu ya kutokea.

Walipotua, mtahini alishuka wa kwanza. Alikuwa akitabasamu.

"Amepita," akatangaza. "Nilimzimia injini, nikamwachia, mimi nikageuka kutazama mahali alipochagua kutua. Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Kila hatua aliitaja bila kukosea."

Elijah alipiga mluzi, Mama akapiga vigelegele, ingawa hakuelewa Kiingereza cha mtahini. Mtahini akatoa kalamu mfukoni. Wakesho peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika bawa la ndege kana kwamba ardhi bado inacheza.

"Bwana," akasema, "naomba usitie sahihi."

Mzee akamtazama.

"Uliposikia nikisema koki ya petroli iko wazi, mkono wangu ulikuwa kushoto, chini ya mita. Hapana kitu pale. Nilipapasa, nikapapasa tena, sikukumbuka iko wapi. Maneno yakaendelea yenyewe. Ungekuwa umeifunga kweli, tungekuwa pale vichakani."

Mtahini hakumkemea. Akairudisha kalamu mfukoni, akamwambia watarudia mtihani mvua zikiisha, akaenda zake kivulini.

Elijah ndiye aliyelipuka. "Wakesho! Ungenyamaza tu! Yeye hakuona. Nani angejua?"

"Mgonjwa nitakayembeba," akasema Wakesho. "Angejua yeye, na sisi wawili tukiwa tunaanguka."

Elijah akaenda mpaka mlangoni pa ndege, akainama, akaitazama ile koki pale sakafuni kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono mmoja mdomoni.

Mama akanivuta nguo. "Wanasema nini? Amepita ama amefeli?"

"Amefeli, Mama," nikamwambia, na nikaenda kumkumbatia mdogo wangu nikilia kwa furaha mbele ya watu wote.