Vitufe vya Mkono wa Kushoto

Ratmini ni mtu wa mashoto, na katika ofisi yetu ya michoro ya meli hapa Surabaya hakuna aliyelijali hilo kabla ya Bagaskara. Alipoajiriwa alipewa kompyuta kama zetu. Programu ya kuchorea ilikuwa imepangwa kwa watu wa kulia, na amri nyingi za haraka ziko upande wa kushoto wa kibodi. Yeye kipanya alikishika kwa kushoto, kwa hiyo kila akitaka kukata mstari, mkono wa kulia ulivuka kibodi nzima kama mtu anayenyoosha mkono kuchukua sambal, pilipili ya kusaga, mbele ya jirani.

Bagaskara, mchoraji mwenzetu, alikaa nyuma yake. Siku tatu aliangalia, akanyamaza. Siku ya nne, wenzetu walipokwenda kula mchuzi wa rawon, alivuta kiti.

"Sogea kidogo, dada. Nikikuangalia mabega yananiuma mimi."

"Usiniharibie kompyuta, kaka. Hata wiki sijamaliza."

"Ikiharibika, sema ni mimi."

Akahamishia safu ya vitufe ukingo wa kushoto wa skrini, akaondoa asivyovihitaji. Weusi wa nyuma ya mchoro akaubadilisha kuwa kijivu, maana Ratmini alilalamikia macho. Mstari akauweka kwenye herufi J, duara kwenye K. Bomba lililopinda, ambalo sisi tulilichora kwa hatua sita, akalitengenezea kitufe cha peke yake na kukichorea alama ya kiwiko cha mkono. Kisha akauhifadhi mpangilio wote kwa jina moja: Mini.

Hakuna aliyemwita hivyo. Mimi meza yangu ilikuwa ubavuni mwake, nikaliona jina.

"Ee, Bagas, huyu Mini ndiye nani?"

"Jina la mpangilio tu, dada Sum," akasema, masikio yamemwiva.

Miaka miwili mambo yalikwenda hivyo. Ratmini akinung'unika leo kwamba jambo fulani linamchosha, kesho anakuta kitufe kipya. Zaidi ya hapo, hakuna neno. Nikamwambia Bagas, "Mwanamke haposwi kwa vitufe."

"Taratibu, dada Sum."

Taratibu zake zikampeleka Batam. Kiwanda cha meli cha huko kilimtaka kwa miaka miwili, ikawa mitano. Kila Lebaran, yaani Idi, alituma salamu, zile zile tulizotumiwa wote.

Mwaka huu, majuma machache kabla ya Ramadhani, ofisi ilileta kompyuta mpya zenye toleo jipya la programu. Mkuu wetu, Pak Hendarsin, aliagiza skrini zote zifanane, ili yeyote aweze kukaa meza yoyote. Jumatatu tukakuta kila kitu kipya. Ratmini alifungua orodha ya mipangilio akaitafuta Mini. Haikuwemo. Kompyuta za zamani zilikuwa zimeshafutwa.

Nilimwona ameiweka mikono mapajani, hachori.

"Unalilia vitufe?" nikamtania.

"Silii."

"Na hicho kinachodondoka?"

"Miaka saba, dada Sum. Kila alichowahi kukifikiria juu yangu kilikuwa humu. Sina barua yake, sina picha yake. Nilikuwa na hivi tu."

Niliona aibu. Wakati wa chakula cha mchana nikampigia Bagas mwenyewe, nikamkabidhi Ratmini simu. Akaiweka mezani, sauti wazi, akidhani yatakuwa mambo ya kompyuta.

"Kaka Bagas, mpangilio wangu umefutwa."

"Ninao," akajibu hapo hapo.

"Unao vipi?"

"Niliunakili siku ya kuondoka. Ndio ninaoutumia."

"Wewe si mtu wa mashoto."

"Nimezoea." Nyuma yake nyundo zilikuwa zikigonga chuma. "Wenzangu huku wananicheka. Lakini nikiufungua asubuhi, naona kama umetoka mara moja, umekwenda kula."

Bagas akautuma. Nusu ya vitufe vikaja. Vingine vilionyesha alama ya kuuliza tu, kwa kuwa toleo jipya halikuzitambua picha zake. Wakavitengeneza kimoja kimoja kwa simu, siku nne, kila wakati wa chakula cha mchana. Siku ya nne hapakubaki cha kurekebisha.

"Haya, tumemaliza," Bagas akasema. "Pak Hendarsin asikuone."

"Sikutaka vitufe tu."

Niliinuka niondoke. Ratmini akanishika mkono wa gauni.

"Nilimtaka aliyevipanga," akaendelea. "Miaka mitano nangoja useme, wewe unaniletea salamu za sikukuu."

Nyundo ziligonga, zikagonga.

"Ijumaa iliyopita nimetia saini mkataba mwingine," Bagas akasema. "Miaka miwili. Nilidhani umeshaolewa."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna. Niliogopa kuuliza."

Alasiri ile Pak Hendarsin alipita, akaiona skrini ya kijivu isiyofanana na zetu. Akafungua kinywa, akamtazama Ratmini usoni, akapita zake.

Lebaran ilipokaribia, Ratmini aliomba likizo ya siku kumi.

"Unakwenda Malang kwa mama?" Pak Hendarsin akamuuliza.

"Mwaka huu Batam, Pak."

"Batam kuna nini?"

"Sijui bado. Nakwenda kuangalia."

Alirudi na pete nyembamba kidoleni. Bagas hakuweza kuuvunja mkataba. Watafunga ndoa utakapokwisha. Tulimpongeza, tukala keki, akarudi kwenye mabomba yake. Jioni, tukikunja vitu vyetu, nilimuuliza kama sasa roho imetulia.

"Wapi, dada Sum," akasema. "Kabla sijamwona angalau nilikuwa nalala."