Salamu za Mama kwa Koome

Kwa miaka mitatu Kathambi alikuwa mama wa mdogo wake, na mdogo mwenyewe hakuwa na habari.

Ilianza kwa kiapo. Mama, mwalimu mstaafu wa chekechea, alipoanza kusahau alikoweka funguo, na baadaye kusahau funguo ni za kazi gani, alimshika Kathambi mkono akamwapisha asimwambie Koome. Mtoto yuko Marekani, ataacha kazi bure. Siku vidole vya mama viliposhindwa kabisa na simu, Kathambi aliichukua akatuma salamu za asubuhi kwa WhatsApp kama alivyoandika mama, bila nukta wala koma, akimwita Koome "baba" kwa kuwa alipewa jina la babu yao mzaa mama. Koome akajibu kwa mioyo mitatu. Kesho yake Kathambi akaandika tena.

Koome alipotaka kupiga simu ya video, aliambiwa mtandao wa Isiolo unasumbua. Aliamini, maana watu walio ng'ambo huamini lolote baya kuhusu kwao.

Mwezi wa Agosti mama alitoka nyumbani alfajiri, akaokotwa na wachunga ngamia kando ya barabara ya Merti, miguu mitupu. Gumato, jirani yao hapo Chechelesi, ndiye aliyemwangalia mama wakati Kathambi akiwa sokoni kuuza maharagwe. Hakumung'unya maneno.

"Wallahi Kathambi, hii mzigo si ya mtu moja. Ambia ndugu yako akuje, aone mama kama bado anaweza jua yeye."

Jioni hiyo Kathambi alimwandikia Koome kwa simu yake mwenyewe: mama ni mgonjwa, anapoteza kumbukumbu, njoo Desemba kabla hajaisahau sura yako. Hakujibiwa. Iliyolia ni simu ya mama, ujumbe wa Koome.

"Mama, Kathambi ameanza tena. Ati unasahau watu, na jana tu umenikumbusha bathdei ya mjukuu wako Janice. Anataka nionekane mtoto mbaya. Si wewe mwenyewe uliniambia huyo anapenda kulialia?"

Ni kweli aliambiwa. Kathambi aliikumbuka siku aliyoyaandika maneno hayo. Mama hakuwahi kukosa la kumsema bintiye, kwa hiyo Kathambi aliyaweka ili salamu zifanane na za mama. Alijisengenya kwa mkono wake mwenyewe, na sasa uongo wake uliaminiwa kuliko ukweli wake.

Akaandika kwenye simu ya mama: "Koome, huyu ni mimi Kathambi. Ni mimi nimekuwa nikikuandikia, miaka mitatu sasa. Mama hajui hata simu ni nini."



"Mama alikufa lini?" akauliza Koome.

"Hajakufa. Yuko hapa anakunywa uji."

"Basi ni wewe umemuua," akaandika Koome.

Desemba ikaja bila Koome. Kathambi alikuwa tayari kwa lawama, lakini jambo moja lilimtafuna. Mdogo wake alikuwa akimlilia mtu ambaye yeye mwenyewe alimweleza siri za ndoa yake na hofu zake zote, na mtu huyo yuko hai, anauza maharagwe, ana namba ya simu. Koome hakuwahi hata siku moja kumuuliza mtu huyo habari zake.

Wiki ya pili ya Januari, Kathambi akimvisha mama viatu, simu ya mama ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Koome, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Mama umeamkaje? Janice analia kila asubuhi, hataki shule. Mimi nilipolia hivyo ulinifanyia nini?"

Kathambi alichungulia simu yake mwenyewe. Haikuwa na kitu. Siku ya kwanza Koome alipolilia shule, mama alikuwa ameshatangulia kwa watoto wake wa chekechea. Aliyempangusa Koome kamasi na kumpeleka hadi mlangoni pa darasa ni Kathambi, wa miaka tisa, na kwa sababu hiyo alichelewa darasani kwake akachapwa.

Alimfunga mama kamba za viatu, akaichukua simu ya mama.

"nimeamka salama baba nilikupangusa kamasi nikakushika mkono mpaka mlangoni mimi mama yako nilikupenda sana"