Kuku Sita wa Filimbi

Binti wa fundi cherehani alipochaguliwa kuingia chuo kikuu cha umma, barua ilisema atasoma shahada ya taaluma mseto: muziki, ufugaji na takwimu. Baba yake aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kama barua tatu hazikuchanganywa kwa bahati mbaya. Tangu siku hiyo akamwita Kiraka, na jina likamganda.

Miaka miwili Kiraka alikimbia kati ya majengo matatu. Kwenye muziki walimwita yule wa kuku, kwenye ufugaji yule wa filimbi. Idara ya takwimu haikuwa na jina lake kwenye orodha, ingawa ndiyo iliyotengeneza orodha.

Mwaka wa mwisho alitakiwa kufanya utafiti unaogusa fani zote tatu. Akaamua kuchunguza kama kuku wakipigiwa muziki watataga zaidi. Mwalimu wa ufugaji alimpa kuku kumi na wawili, sita wa muziki na sita wa kimya. Mwalimu wa takwimu alisema ni wachache mno, lakini basi. Mwalimu wa muziki, mzee mpole ambaye hakuwahi kujaza ukumbi, alifurahi hata akawatungia wimbo wa filimbi na kuurekodi mwenyewe.

Kwa wiki sita Kiraka aliwawekea wimbo ule kila asubuhi, akaokota mayai, akaandika. Kuku wa kimya walitaga kama kawaida. Mayai ya wale wa muziki yalipungua hadi nusu, na wawili wakagoma kabisa.

Kiraka akaishiwa nguvu. Mama yake alimshauri aongeze mayai machache kwenye daftari, mzee wa watu asiumie. Kiraka aliwaza siku nzima, akakataa. Aliona kumdanganya mtu aliyemfundisha kusikiliza ni kumvunjia heshima.

Siku ya kutetea utafiti, walimu wote watatu walikaa meza moja kwa mara ya kwanza. Kiraka akawaamkia.

"Mwalimu, unisamehe," akamwambia mzee. "Wimbo wako umewazuia kutaga."

Mwalimu wa takwimu akapiga hesabu upya, akathibitisha kwamba ni kweli. Mzee akaomba wimbo upigwe. Ulipofika katikati, kwenye ile noti ya juu kabisa, mwalimu wa ufugaji akatazama dari kwa mshtuko.

"Huyo ni mwewe," akasema.

Hapo Kiraka akaelewa kwa nini kuku walikuwa wakijibanza chini ya kihori cha chakula kila asubuhi. Yeye alidhani wamechoka.

Mzee akafuta macho kwa leso. Wote wakadhani ameumia.

"Miaka thelathini napiga filimbi," akasema, "na hawa ndio wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho."

Kiraka alifaulu vizuri. Fomu ya alama ilikuwa na nafasi ya sahihi moja tu, kwa hiyo walimu walibishana nusu saa, kisha wakasaini mmoja juu ya mwenzake. Ofisi ya mitihani iliipokea bila swali, ikidhani ni mwandiko wa daktari.

Mzee aliomba apewe wale kuku sita. Anaishi nao uani kwake, akiwatungia nyimbo mpya, kila wimbo ukiwa na sauti ya chini kidogo kuliko uliotangulia. Juzi asubuhi alimpigia Kiraka simu na kumwarifu, kwa kunong'ona, kwamba mmoja amekaa kwenye kiota na tafadhali asicheke kwa nguvu.