Ulimi wa Muuza Nyama

Wateja walimwita Bwana Ulimi, na muuza nyama huyu hakuikataa sifa hiyo hata kidogo. Mpe mchuzi wa nyama ya kusaga, ataonja mara moja na kukwambia hii ni paja, hii ni bega, hii shingo, tena ng'ombe mwenyewe alikuwa kala chumvi nyingi. Ulimi huo aliurithi kwa marehemu baba yake, pamoja na bucha na kisu kirefu ambacho, tangu enzi za mzee, hakikuwahi kutoka nje ya mlango wa bucha.

Basi mchana mmoja, akila mchuzi wa kusaga nyumbani kwake, ulimi ukamgomea.

"Mama Mapacha, hii ni sehemu gani?"

"Si hiyo hiyo uliyoleta jana," mkewe akajibu bila kuinua macho.

Jana alileta paja. Hii haikuwa paja, wala bega. Ilikuwa tamu, hilo hakulikana, maana alishaongeza mara mbili. Lakini kila alipodhani ameijua, ilimponyoka.

Hofu ikamwingia. Miezi miwili nyuma daktari alimwandikia dawa za presha, akamwambia apunguze nyama, naye akacheka: muuza nyama apunguze nyama, wateja wamwelewe vipi? Sasa akawaza pengine dawa zile ndizo zinamuulia ulimi. Na bila ulimi, yeye ni nani? Mkata mifupa tu.

Kesho yake asubuhi akachemsha vipande vitatu kwenye jiko la bucha, akamwita fundi cherehani wa mlango wa pili, akajifunga macho kwa kitambaa.

"Haya, nilishe."

"Kumbe nimeitwa kulisha mtu mzima na ndevu zake," fundi akanung'unika, lakini akamlisha.

Shingo. Paja. Bega. Vyote alivitaja bila kusita.

Kumbe ulimi mzima. Basi kuna jambo nyumbani. Udadisi ukamwasha mpaka akafunga bucha saa nne asubuhi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya ila siku ya msiba.

Alimkuta mkewe jikoni na bakuli la dengu zilizochemshwa, uyoga uliokatwakatwa, na karanga za kukaanga zinazosubiri kutwangwa. Nyama hakuiona. Akafungua friza, kwa mara ya kwanza tangu inunuliwe, maana husema mafriza anayaona kutwa kazini. Mifuko yake ya nyama ya kusaga ilikuwa imepangwa humo, migumu kama matofali.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Nilianza na dengu kiganja kimoja, ukala. Nikaongeza, nikapunguza nyama, ukala. Jana hapakuwa na nyama hata chembe, nawe ukaongeza mara mbili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungeonja?"

Mkewe akaweka mwiko chini.

"Baba yako alifariki na miaka mingapi?"

"Hamsini na mbili. Unajua."

"Na wewe mwezi ujao unatimiza mingapi?"

Alimlilia mzee wake moyoni, na alimwonea huruma mwanamke huyu aliyebeba hofu hiyo peke yake wiki tatu nzima. Akavuta kiti, akajichotea dengu, uyoga na karanga, akafumba macho na kutafuna polepole.

"Karanga ndizo zilizonizungusha," akasema hatimaye. "Zina mafuta kama ya shingo. Lakini jana kulikuwa na kitu cha nne."

"Kitafute," mkewe akasema.

Hakukipata. Akaokota kipande cha uyoga, akakigeuzageuza kwa jicho la kazi.

"Umekata ovyo, Mama Mapacha. Hivi haviivi sawasawa."

Akarudi kazini. Jioni alikuja bila mfuko wa nyama, ila kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti. Akakifungua juu ya meza ya jikoni. Kilikuwa kisu cha baba yake.

"Haya," akasema, akikunja mikono ya shati. "Uyoga uko wapi?"