Jiwe la Mama Mkwe

Mume wangu ni fundi feni, na baridi ikiingia hakuna anayekumbuka kwamba ana feni. Fundi akikosa kazi, nyumba ndiyo inayoipata. Siku hiyo nilimkuta amekaa sakafuni sebuleni, anabandika tyubu ya baiskeli ndani ya ndoo ya rangi.

"Ndoo yangu hiyo," nikamwambia.

"Ilikuwa," akasema, hata hakuinua kichwa.

Alikuwa anaunda mashine ya kung'arisha mawe. Ndoo inafunikwa na kulazwa juu ya vyuma viwili, mota ya feni bovu inaizungusha polepole, na humo ndani mawe, maji na unga wa msasa vinasuguana wiki baada ya wiki. Nikamuuliza kama akili zake zimo. Akanionyesha kwa kidevu dirishani, alikokaa mama yake.

Mama mkwe alihamia kwetu na kokoto kiganjani, la kijivu, limejaa makovu. Hulisugua kwa kidole gumba kutwa nzima. Majina yetu yameshamtoka. Mimi ananiita dada, mwanawe anamwita fundi, utadhani ni mteja. Ila akiwa na jiwe lake ametulia. Akilikosa hung'ang'ania mlango, anataka kwao, na kwao hakuna mtu tena. Sasa mwanawe alitaka ling'ae, mama afurahi.

"Niazime, mama. Nitakurudishia likiwa zuri."

Akampa taratibu, kama mtu anayekupa mtoto wake umshikie.

Mimi nilijiandaa kwa vurugu. Haikutokea. Mashine iliwekwa miguuni pa mama, akawa anaiwekea mkono juu, na ile sauti ikatuingia wote, kama mtu anayeosha mchele chumba cha pili. Nilisinzia nikikunja nguo. Niliota nasuuza vikombe mtoni na vikombe haviishi, wala sikuchoka. Domo langu lenyewe lilipoa, mume wangu akaniuliza kama naumwa.

"Limeiva?" mama aliuliza kila alipoamka.

"Bado kidogo, mama."

Likaiva. Mume wangu alilisuuza, akalikausha kwa fulana yake. Katika ule ukijivu mlikuwa na mistari ya kijani ambayo hatukuwahi kuiona. Lilikuwa zuri, jamani, na nilimwonea fahari mume wangu. Akaliweka kwenye kiganja cha mama.

Kidole gumba kikapita, kikateleza. Kikarudi, kikateleza tena.

"Hili si langu," mama akasema.

"Ndilo, mama. Ni lile lile."

"Langu lina kidonda hapa."

Akaliweka dirishani kwa adabu, kitu cha wenyewe hicho. Kisha akasimama, akashika kitasa cha mlango. "Naenda kwetu."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpashe mume wangu. Nikamwona uso, nikaufunga.

"Nimelimaliza," alisema. "Kitu chake kimoja tu, na nimekimaliza kwa mikono yangu."

Alimfuata mlangoni, akamshika mkono amrudishe kitini. Mama hakutaka. Halafu akaacha kuvuta. Kidole gumba chake kilikuwa kimeingia kwenye kiganja cha mwanawe, pale ambapo koleo na bisibisi zimeacha sugu. Kikapapasa sugu moja baada ya nyingine, kikafika kwenye kovu chini ya kidole cha shahada, kikakaa hapo. Kikaanza kusugua.

Mama akarudi kitini akimvuta mwanawe, mpaka mtu mzima yule akachuchumaa sakafuni.

"Ulikuwa wapi?" mama akauuliza ule mkono.

Mume wangu akamsogezea kiganja. "Niko hapa, mama."

Mama akafumba macho, kidole kikaendelea. Simu ya mume wangu ikaita mezani, mteja wa kwanza tangu baridi ianze. Nikaipokea mimi, nikamwambia fundi yuko kazini, leo hatoki.