Ukurasa wa Kuzima Moto

Mchana ule Bi Siajabu alilala na hasira zake, na mwenye kulala na hasira halali, huanguka tu. Alikuwa ametoka hospitali, vidole vimemvimba hata pete haitoki, na hakuna aliyekutana naye akasalimika. Wa kwanza alikuwa daktari, kijana mpole wa watu, aliyemwambia kwamba maradhi yake hayakuletwa na jirani wala jini. "Mama, hao ni askari wako mwenyewe wa damu. Ndani yao mna jeni za kuwasha moto, ukiingiwa na maradhi wapigane nayo, na mna jeni za kuuzima. Kwako zimewaka bila ya adui, na hazizimiki. Vidonge hivi vitawatuliza." Bi Siajabu alimtazama kama anatazama mwizi. Askari wake mwenyewe wamle yeye! Alipofika nyumbani hata buibui hakulivua, akalirusha boksi la vidonge uwanjani, likaangukia kwenye majivu ya jiko.

Wa pili akawa Mize, mjane wa kaka yake, aliyekaa nyumba ya pili. Miaka ishirini wameshona kofia pamoja, na sasa walikuwa na kofia ya viua, vile vitundu vidogo vya kudarizi, ya bwana harusi wa Wahida, bintiye Bi Siajabu: mama ashone duara ya juu, Mize ashone ukuta wake. Harusi Ijumaa ya pili. Mize alikaa kibarazani kwa Bi Siajabu, akaulowesha uzi kwa ulimi, akashona huku midomo ikimchezacheza. Bi Siajabu akamwona, na moyo ukamfura kuliko vidole.

"Nimekukamata leo! Unanuizia uzi! Ndiyo maana mikono yangu inakufa."

"Miye, wifi?"

"Weye! Nani mwengine? Na maji ya nyumbani kwako siyanywi tena mpaka naingia kaburini."

Mize aliinuka. Alikunja kipande chake akaondoka, na kofia ikabaki duara tupu, haina ukuta. Bi Siajabu akajitupa kitandani akitukana dari, na usingizi ukamchukua katikati ya tusi.

Akajiona yuko kwenye lango la mji wa mitaa kumi, nyumba zake nyeupe kama mfupa, visima vyake vinachemka. Langoni alisimama mwanamke mwenye ndoo ya maji, viganja vimemuungua. "Mimi naitwa Kiasi," akasema. "Nifuate, lakini usiguse kitu, maana humu kila kitu kinauma." Bi Siajabu akamfuata huku akinung'unika, kwani hata ndotoni hakupenda kuamrishwa. Barabara zilijaa askari waliovaa nyeupe, wanakimbia wakigongana, na kila mmoja kifuani amefungwa kitabu kinene ajabu. Kiasi akamwambia kwamba kitabu hicho ni kimoja mji mzima, mpishi anacho, mwashi anacho, askari anacho, neno kwa neno. Kinachowatofautisha ni kurasa zipi zimefunuliwa na zipi zimefumbwa. Mara ngoma ikalia kutoka katikati ya mji, na kurasa za askari zikafunuka zenyewe kwa kishindo. Makarani wadogo wakaruka juu yake, wakanakili maneno kwenye vijikaratasi, wakakimbia navyo hadi kwenye karakana, na karakana zikatoa kile kilichoandikwa: rungu, tindikali, moto, na ngoma nyingine. Ngoma mpya zikapigwa, na askari waliokuwa wamelala mtaa wa mbali nao wakaamka, vitabu vikafunuka. Ngoma ilizaa ngoma, na hakuna hata mmoja aliyeuliza adui yuko wapi.

"Adui yuko wapi?" akauliza Bi Siajabu.

"Hayupo," akasema Kiasi. "Basi wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Uwanjani akamkuta mpiga ngoma, pande la mtu, macho mekundu, jina lake Hasira. Alimchekea Bi Siajabu kama anamchekea shoga yake wa utotoni. "Umenisahau? Sindano ilipokuchoma ungali mwari, kidole kikatunga usaha, nani aliyekuponya? Mimi!" Na ilikuwa kweli. Lakini bavuni mwake alikaa kijitu chembamba kiitwacho Dhana, ameshika mwenge, na kila Hasira alipopiga, Dhana alinyoosha kidole kwenye nyumba yoyote iliyomjia kichwani. Safari hii alimnyooshea bibi kizee aliyekaa mlangoni pake akitengeneza ukuta wake polepole, jiwe juu ya jiwe, midomo inamchezacheza.

"Yule! Ananuizia!" akapiga kelele Dhana, na askari wakamvamia bibi wa watu.

Bi Siajabu akapandwa na mori. "Mwacheni! Anahesabu, mahayawani nyinyi! Anahesabu asikosee! Kila mshonaji huhesabu hivyo, hata mimi na—" Rungu likashuka, ukuta ukaporomoka, na Bi Siajabu kidole chake cha kati kikamuuma hadi begani.

Akamgeukia Kiasi kwa ukali. "Na wewe na ndoo yako unatazama tu? Huwezi kuwazima?"

"Ukurasa wa kuzima umo katika kila kitabu, ubavuni mwa ukurasa wa kuwasha," akajibu Kiasi taratibu. "Aliyewaandikia moto hakuwanyima maji. Lakini ngoma hii inazifunua kurasa za moto tena kabla zile za maji hazijasomwa. Leo alikuja mjumbe wa kuipunguza. Amefukuzwa langoni."

"Na mpumbavu gani aliyemfukuza?"

Kiasi akamtazama, na macho yalikuwa yale yale ya Mize alipokuwa akikunja kipande chake. Bi Siajabu akainamisha uso kwa hizaya. Hapo ndipo alipoona mikono yake mwenyewe imeshika vijiti vya ngoma, na vidole vimevimba kwa kupiga.

Akashtuka. Jua bado liko juu, kuku wanachakura uwanjani. Hasira ilikuwapo bado, lakini sasa ilikuwa imegeuka inamtazama yeye. Akatoka pekupeku, akaliokota boksi majivuni, akalikung'uta kwa khanga, akaenda nyumba ya pili bila hata kupiga hodi.

Mize alikuwa anashona. Alimwona, midomo ikasimama.

"Umenipotezea hesabu," akasema kwa uchungu. "Umekuja kunipiga au kunitukana?"

"Ulifika ngapi?"

"Arubaini na moja."

Bi Siajabu akakaa chini kwenye jamvi. Ilimchukua muda kukitoa kidonge, vidole havikunjiki, na Mize hakumsaidia. Hakupaswa kusaidiwa. Alipokipata akakiweka kiganjani.

"Nipe maji, wifi."

"Kwenu hamna maji?"

"Yapo. Nataka ya kwako."

Mize akakiweka kipande chake chini. Kisha akainuka, akachota kata moja mtungini, akampa kwa mkono mmoja, hasira zake zote ziko usoni. Bi Siajabu akaipokea kata kwa mikono miwili, akameza kidonge, akayanywa maji yote.